Kurenda video isipasuke: namba gani uweke, na kwa nini neno "High" halikusaidii

Wakuu habari za mida hii. Kuna kitu kwenye kuediti, kurenda, yaani kutoa video uliyoediti iwe faili la kuangalia, ambacho wengi tunakifikia tukiwa tumeshachoka, saa nane usiku, mteja keshapiga simu mara tatu, macho yanauma, basi unaenda kwenye eksipoti unachagua palipoandikwa "High Quality" kwa sababu jina lenyewe limekaa kibosi, unabonyeza, unalala. Asubuhi ukiicheki kwenye kompyuta yako iko safi. Sasa ipandishe YouTube, au mteja aichomeke kwenye TV ya sebuleni kwake, maharusi wanaingia ukumbini, moshi unafuka, taa zinazunguka, na picha nzima imepasuka, sura ya bibi harusi imekuwa matofali. Mimi kazi yangu ni harusi, sendofu na kichen pati hapa Dar, na makosa mengi ninayoyataja humu nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, moja lilinigharimu kurudia kazi nzima bure, nitalisema huko mbele.

Neno "High" peke yake halina maana. Programu moja ikiandika High ina namba yake kichwani, nyingine ina namba nyingine, na zote mbili hazijui kama unarenda mchungaji amekaa kwenye kiti anaongea au unarenda watu mia tatu wanacheza huku makaratasi yanarushwa juu. Unachotakiwa kukitafuta ni namba iliyojificha nyuma ya hilo neno, na hiyo namba inaitwa bitireti.

Bitireti ndo mwenye nyumba

Bitireti ni kiasi cha data ambacho kila sekunde ya video imepewa kujielezea. Ukiipa sekunde data nyingi inaeleza kila unywele, ukiinyima inaanza kufupisha, na kufupisha kwenyewe ndo yale matofali. Inapimwa kwa megabiti kwa sekunde, na hapa ndo watu wanachanganya, biti sio baiti, baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo ukiweka bitireti ya 8 maana yake kila sekunde inakula megabaiti 1, dakika moja ni megabaiti 60, dakika kumi ni megabaiti 600. Hesabu ni hiyo hiyo siku zote, bitireti zidisha kwa sekunde gawa kwa nane, ukiijua hii huhitaji kusubiri urendaji uishe ndo ushtuke faili ni kubwa kuliko fleshi.

Angalizo la kijinga lakini limenikuta: kwenye programu za kuediti, Premiere inaandika bitireti kwa megabiti, DaVinci Resolve inaandika kwa kilobiti. Yaani 8 ya Premiere ni 8000 ya Resolve. Siku moja nimetoka Premiere nikahamia Resolve nikaweka 800 nikidhani nimeongeza sana, video ya saa nzima ikatoka na megabaiti mia tatu na kitu, nikafurahi kweli kweli jinsi ilivyo nyepesi, mpaka nilipoifungua.

Sasa kitu ambacho preseti (mipangilio iliyoandaliwa tayari kama ile ya High Quality) haikwambii ni kwamba video mbili za ukubwa ule ule, 1080p zote (picha ya pikseli 1920 kwa 1080), hazihitaji bitireti sawa. Kodeki za siku hizi, yaani mbinu za kubana data ya video, zinafanya kazi kwa kuangalia fremu (picha moja moja inayounda video) iliyopita na kuandika tu kilichobadilika. Mtu amekaa anaongea, ukuta nyuma haujasogea, kinachobadilika ni mdomo na mikono, hapo hata 5 inatosha na hakuna atakayelalamika. Lakini mvua, mawimbi ya bahari pale Coco, majani ya miti yanayopepea, umati unaocheza, nguo zenye vingaringari, moshi wa ukumbini, taa za disko zinazowaka na kuzima, hivo vyote kila fremu ni mpya, hakuna cha kuokoa, kodeki inatafuta data inakosa inaanza kukata. Ndo maana harusi ni moja ya video ngumu kabisa kurenda, afu watu wanatumia namba walizozisoma za mtu anayefundisha Excel mbele ya kamera.

Na kuna adui mwingine hamumuoni, ule mchanga mchanga wa gizani. Ukipiga ukumbini taa hafifu umepandisha ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga), ile chenga chenga inayotembea kwenye kuta nyeusi kodeki inaiona kama mwendo, inaimalizia data yote, sura za watu zinabaki na makombo. Kuiondoa hiyo chenga kidogo kabla ya kurenda kunasaidia kuliko kuongeza bitireti. Kidogo tu lakini, ukizidisha watu wanakuwa kama masanamu ya nta.

Kwanza jiulize inaenda wapi

Kabla ya namba yoyote uliza video itaangaliwa wapi, maana YouTube, TV ya fleshi na WhatsApp ni safari tatu tofauti kabisa.

YouTube wenyewe wameandika bitireti wanayopendekeza na sio siri. Kwa 1080p ya fremu 24, 25 au 30 kwa sekunde ni 8, ikiwa ni fremu 50 au 60 ni 12. Kwa 720p ni 5, ya fremu nyingi 7.5. Kwa 1440p ni 16, ya fremu nyingi 24. Kwa 4K ni kati ya 35 na 45, ya fremu nyingi 53 mpaka 68. Sauti AAC, 48 kHz, stirio kilobiti 384. Ila elewa kitu kimoja, YouTube haichezi faili lako kama lilivyo, inalirenda upya yenyewe kwa namna zake, kwa hiyo unachompa sio chakula kilichopikwa ni viungo, ukimpa viungo vibovu havitakuwa vizuri jikoni kwake. Mimi kwa harusi ya 1080p naweka 16 mpaka 20, mara mbili au zaidi ya wanachosema, na kama bando linaruhusu sioni sababu ya kujibana. Juu ya hapo kwa 1080p unamaliza bando tu, jicho halioni.

Kuna ujanja mmoja wa YouTube unafanya kazi japo unaonekana wa kipuuzi. Video za 1440p kwenda juu YouTube huwa inazipa kodeki ya VP9 ambayo ni bora kuliko ile inayozipa video nyingi za 1080p za chaneli ndogo. Kwa hiyo watu wanachukua taimlaini yao ya 1080p, pale vipande vinapopangwa wakati wa kuediti, wanairenda 1440p, picha yenyewe haijaongezeka chochote, lakini YouTube inaipa heshima zaidi na matofali yanapungua. Nimeujaribu kwenye video yenye vurugu nyingi, tofauti ipo. Kwa video ya mtu ameketi usijisumbue.

TikTok na Riizi za Instagram ni 1080 kwa 1920, simu imesimama, fremu 30, bitireti 10 mpaka 15 imetosha kabisa. Usipandishe 4K huko, wataishusha wao na wakiishusha wao haraka haraka hawana huruma. Kwa wanaotumia CapCut, pale kwenye eksipoti chagua 1080p, fremu 30, na ile sehemu ya bitireti peleka juu, usiiache chini eti ipande haraka.

WhatsApp ni kesi nyingine. Ukituma kama video ya kawaida inakamuliwa hata ufanyeje, ulichorenda kwa 20 kinafika kimepauka. Mteja akitaka iliyo safi mtumie kama dokyumenti, dokyumenti haiguswi na inabeba mpaka gigabaiti 2. Lakini kama ni trela ya dakika moja ya kurushwa kwenye magrupu ya familia, shangazi yuko Mwanza mwingine yuko Muscat, irende 720p kabisa mwenyewe kwa bitireti ndogo kama 2, itoke megabaiti kumi na tano hivi, WhatsApp ikiikuta nyepesi haiibomoi sana kama ingeikuta ya megabaiti mia mbili.

Fleshi na TV ya sebuleni

Hapa ndo kosa langu lilipo. Harusi ya saa tatu, nimerenda kwa 8 faili moja, gigabaiti kumi na kidogo, fleshi ya gigabaiti 16 nimenunua mpya, nakopi inafika mahali inagoma, inasema faili kubwa kwa fleshi na nafasi ipo tele. Nikabadili fleshi, ikagoma. Nikabadili kompyuta, ikagoma. Kumbe fleshi nyingi zinakuja zimefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haikubali faili moja lizidi gigabaiti 4, hata fleshi iwe ya 64. Nikaifomati exFAT, mfumo mpya zaidi, ikakubali, nikapeleka kwa mteja, TV yake ya zamani haiisomi exFAT, ukoo mzima umekusanyika sebuleni na soda zimeshafunguliwa, skrini inaandika hakuna kitu. Nimerudi nyumbani na aibu nikarenda upya.

Suluhisho lilikuwa rahisi ningelijua. Irende vipande vya saa moja moja, kwa bitireti 8 kila kimoja ni gigabaiti 3.6, weka na sauti hapo ni kama 3.7, kinaingia FAT32 bila ugomvi na TV karibu zote zinasoma. Afu watu wenyewe wanapenda, kanisani peke yake, ukumbini peke yake, hakuna anayetaka kuvuta saa nzima mbele kutafuta keki.

Na kama fleshi ni ndogo unafanya hesabu kinyumenyume. Fleshi ya 8 tuseme unataka utumie gigabaiti 7 uache nafasi. Saa tatu ni sekunde 10,800. Megabaiti 7000 zidisha kwa 8 gawa kwa 10,800 unapata 5.2 hivi, toa sauti, weka 5. Kwa harusi 5 ni ndogo, bora ushuke 720p maana 720p yenye 5 inaonekana safi kuliko 1080p yenye 5. Watu hawaniamini nikisema hivi mpaka nawawekea zote mbili kwenye TV. Pikseli nyingi zenye njaa ni mbaya kuliko pikseli chache zilizoshiba.

Kontena na mzigo uliomo ndani

MP4 sio ubora wowote, MP4 ni kontena kama la bandarini, ndani unaweza kukuta mchele au mitumba. Mzigo wenyewe ni kodeki. H.264 ilitoka 2003 na mpaka leo ndo inayochezeka kila mahali, simu ya zamani, TV ya kichina, kompyuta ya ofisini kwa baba mkwe. H.265 wengine wanaita HEVC ilitoka 2013, inabana vizuri zaidi, kwa ubora ule ule faili linapungua sana, lakini kompyuta nyingi za Windows zikiikuta zinakwambia ulipie nyongeza, na TV za miaka ya nyuma zinakupa sauti bila picha. Kwa hiyo sheria yangu mimi: inayobaki kwangu kwenye diski naweza kuweka H.265, inayoenda kwa mteja ni H.264. Ukiulizwa profaili chagua High, hii High ndo pekee ninayoikubali. Ukiulizwa levo acha otomatiki, au kama ni kwa ajili ya TV ya zamani weka 4.1, hiyo ni ya 1080p ya fremu 25 au 30.

Na kitu kuhusu rangi, maana nimeulizwa sana kwa nini maandishi mekundu yanakuwa na ukungu. H.264 tunayotumia wote inahifadhi mwanga kwa kila pikseli lakini rangi inahifadhi kwa robo tu ya pikseli, kwa hiyo jina la bwana harusi kwa herufi nyembamba nyekundu juu ya nyeusi lazima kingo zitoke chafu, hata uweke bitireti ya 50. Weka herufi nyeupe au nene zaidi. Hiyo sio ishu ya kurenda kabisa, ni ya kudizaini.

Fremu kwa sekunde, hapa msicheze

Irende kwa fremu zile zile ulizopigia. Umepiga 25, taimlaini 25, eksipoti 25. Huku kwetu umeme ni wa hezi 50 na ndo maana ukipiga 25 na shata 1/50 taa za ukumbi hazikuletei ile michirizi, kwa hiyo kamera nyingi za harusi zinakaa hapo. Tatizo linakuja unapochanganya na vipande vya simu ambavyo ni 30. Ukiviweka kwenye taimlaini ya 25, kila sekunde zinatupwa fremu tano, mtu akitembea au kamera ikizunguka unaona inaruka ruka. Wengine wanaona hivo wanaenda kueksipoti 60 wakidhani italainika, inazidi kuwa mbaya, maana 25 haiingii kwenye 60 kiusawa, fremu nyingine zinarudiwa mara mbili nyingine mara tatu.

Simu zina ugonjwa mwingine pia, hazirekodi fremu kwa idadi moja, zinapanda na kushuka kutegemea mwanga, na kwenye taimlaini ndefu unakuta mdomo na sauti vimeachana, mwanzo wa risala viko pamoja, mwisho wa risala mjomba keshafunga mdomo bado anaongea. Pitisha vipande vya simu kwenye HandBrake kwanza, ni programu ya bure, chagua fremu zisizobadilika, afu ndo ulete kwenye taimlaini. Humo HandBrake kwa kawaida hawakuulizi bitireti wanakuuliza ubora kwa namba ya RF, namba ikiwa ndogo ubora unapanda, wao wanashauri 20 mpaka 24 kwa 1080p, lakini kwa kuwa hapa bado utaediti na kurenda tena mimi nashuka mpaka 16 au 17. Ukipanda au kushuka namba sita hivi ujue faili linapungua nusu au linaongezeka mara mbili.

CBR, VBR na zile "pass"

CBR (bitireti isiyobadilika) kila sekunde inapewa sawa, iwe mtu kalala au anaruka. VBR (bitireti inayobadilika) inagawa kwa mahitaji. Fikiria kamati ya harusi, ukigawa hela sawa sawa kwa chakula, maua na kadi utalala njaa, chakula lazima kipewe zaidi. Kwa faili la kuangalia tumia VBR. CBR iache kwa wanaorusha laivu.

Ukichagua VBR ya "2 pass" programu inapita mara mbili, mara ya kwanza inasoma tu inaandika wapi ni pagumu, ya pili ndo inarenda huku inajua pa kuongeza na pa kubana. Muda unakaribia mara mbili. Inalipa pale ambapo umebanwa, kama ile fleshi ya 8. Kama umeweka bitireti ya 20 kwenye 1080p haina maana, kila sekunde imeshiba tayari, lala mapema. Kwenye Premiere kuna namba mbili, ya lengo na ya juu kabisa, mimi lengo naweka 16 juu naweka 24, namba ya juu iwe kama mara moja na nusu hivi ili pale pa kucheza papate pa kupumulia.

Na ile ya kurenda kwa kadi ya grafiki, Quick Sync ya Intel, NVENC ya Nvidia na wenzao, ni haraka sana, harusi ya saa tatu iliyokuwa inalala usiku kucha inaisha ukiwa unakula. Kwa bitireti ile ile ubora wake unakuwa chini kidogo ya kurenda kwa prosesa taratibu, unaonekana zaidi bitireti ikiwa ndogo. Dawa yake ni kuongeza bitireti kidogo, mimi naongeza kama robo na naendelea na maisha. Pia ujue Premiere ukiwa umewasha kadi ya grafiki ile "2 pass" huipati, ukiichagua inarudi kwenye prosesa, usishangae kwa nini leo inachukua muda.

Vitiki vinavyotesa watu

Premiere ina kitiki kinaitwa "Use Maximum Render Quality", jina linatisha, kila mtu anakiweka. Kinahusu kubadili ukubwa wa picha, kwa mfano umepiga 4K unatoa 1080p, kinasaidia kingo zitoke safi, na kama kadi ya grafiki ndo inayofanya kazi mara nyingi hata hutaona tofauti. Kama hujabadili ukubwa kinakula muda tu. Mwenzake wa "Maximum Depth" unahusu hesabu za rangi, una maana kama umepaka rangi nzito na anga la jioni linatoka na mistari mistari, na hapo pia kadi ya grafiki inakuwa imeshalishughulikia.

Cha kuogopa ni hivi vingine. "Use Previews" ya Premiere inachukua vile vipande ambavyo ilivirenda wakati unaediti, na kama vilirendwa kwa ubora mdogo ndo hivo hivo vinaenda kwenye faili la mwisho. Resolve nayo ina kitiki cha kutumia proksi, zile nakala nyepesi za kueditia. Dogo mmoja anayenisaidia aliediti harusi nzima kwa proksi kwa sababu laptopu yetu ya pili ni dhaifu, wazo zuri kabisa, afu kwenye kurenda akaacha kitiki kimewekwa. Bitireti 20, 1080p, kila kitu sawa kwenye karatasi, na picha imejaa ukungu. Tumekaa saa mbili tunalaumu bitireti. Kwa hiyo ukiona ukungu badala ya matofali, usiongeze bitireti, nenda kaangalie chanzo, aidha ni proksi, aidha ni kipande kilichokuja kwa WhatsApp. Na ndugu wakisema wana picha za utotoni za bibi harusi waambie watume kama dokyumenti, hakuna namba duniani itakayorudisha kilichokwisha kutupwa.

Ile sehemu ya Resolve ya "Data Levels" iache otomatiki. Ukiigusa bila kujua, nyeusi zinakuwa kijivu au suti zote zinageuka shimo jeusi.

Usirende yote kabla hujarenda sekunde thelathini

Ukichukua moja tu humu chukua hii. Tafuta sehemu ngumu kuliko zote kwenye taimlaini yako, kwenye harusi ni pale maharusi wanaingia, moshi, taa na watu wamesimama wanapeperusha leso. Weka alama ya kuingia na ya kutoka, sekunde thelathini, irende hiyo tu kwa 8, kwa 12 na kwa 16. Inachukua dakika chache. Afu usiangalie kwenye kompyuta ukiwa umeipunguza pembeni, iangalie skrini nzima, au peleka kwenye TV, na iangalie ikitembea, sio umeisimamisha fremu moja unazumu kama polisi wa upelelezi. Ya chini kabisa ambayo macho yako hayalalamiki ndo yako, na hapo sehemu nyingine zote za video zitakuwa salama kwa sababu ni rahisi kuliko hiyo.

Ikiisha kurenda yote, fungua uvute mpaka dakika tano za mwisho, sikiliza kama sauti na midomo bado viko pamoja. Wengi tunaangalia mwanzo tu. Tunza pia nakala nzito ya kwako, kama una diski ni ProRes au DNxHR, kodeki za kuhifadhia ubora wa juu, ila ziko nzito kweli, ProRes 422 ya 1080p fremu 25 ni megabiti 122 kwa sekunde, saa moja ni kama gigabaiti 55. Sisi wa kawaida tunaweka H.264 kwa 40, saa moja gigabaiti 18, na siku mteja akirudi anataka dondoo ya dakika tatu unaikata humo. Usiikate kwenye ile uliyompa kwenye fleshi, kila ukirenda kitu kilichokwisha kurendwa kinapungua, kama fotokopi ya fotokopi.

La mwisho ni umeme. Faili la MP4 kwa kawaida faharasa yake inaandikwa mwishoni kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika asilimia 97 unabaki na gigabaiti tisa ambazo hakuna programu inayokubali kuzifungua. Hata kama una laptopu yenye betri, kurenda kunaimaliza haraka kuliko unavyodhani. Kwa hiyo vile vipande vya saa moja moja havinisaidii kwenye fleshi tu, navipanga kwenye foleni kimoja kimoja, na kama kuna atakayetaka vyote vikiwa faili moja naviunganisha na LosslessCut ambayo haivirendi upya. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika saa kumi alfajiri, vipande viwili vilikuwa vimeshaisha, cha tatu nikakirudia asubuhi nikiwa nakunywa chai.